Marashi Yangu na Panya wa Frauke

Jumatatu, 4 Machi
Profesa Wiebke anachagua mwezi huu nani aongoze mradi wa kuchunguza woga: mimi Volkmar, au mwenzangu Frauke. Nikikosa, mkataba wangu umekwisha. Nusu ya panya wetu wameondolewa jeni moja, katika seli za aina moja tu ubongoni. Nadai kwamba bila jeni hiyo panya hajifunzi kuogopa. Nani anayo, nani hana, anajua Frauke peke yake. Mimi sitakiwi kujua, nisije nikapendelea. Nimewapigia mlio, kisha shoti ndogo ya umeme miguuni. Nimejipaka marashi mapya. Kiongozi lazima anukie!

Jumanne, 5 Machi
Panya wote wameganda kwa woga, hata kabla ya mlio. Nikamtangazia profesa ugunduzi: panya wanatabiri! Frauke akauliza, mbele ya watu wote, kama nimeoga marashi ya zabadi. Ndiyo, ya zabadi. Akasema zabadi hutoka kwa ngawa, mnyama mla panya, na panya humwogopa ngawa bila kufundishwa na mtu. Akaingia yeye, akapiga mlio. Wenye jeni wakaganda. Wasio nayo wakaendelea kusafisha masharubu. Dai langu ni kweli, ila limethibitishwa na Frauke! Hapa kwetu anayeharibu jaribio huoka keki. Nimenunua ya dukani, nikaibonyezabonyeza ionekane yangu. Karatasi ya bei ilibaki chini yake. Nimeona aibu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata njia. Panya wanampenda Frauke, basi ninukie kama Frauke. Nimeazima koti lake la maabara bila kumsumbua kwa kumwomba. Panya waliganda vilevile. Nimelirudisha msumarini, kimya.

Ijumaa, 8 Machi
Frauke alivaa koti lake, akaingia kumwonyesha profesa jaribio la mwisho. Panya wote wakaganda. Kazi yake ya mwaka mzima ikaharibika! Profesa akamkemea: wewe uliyemcheka mwenzako, leo unanuka ngawa? Frauke akanusa mkono wa koti. Akanitazama. Nilitazama viatu vyangu. Hakunitaja.

Mchana alileta keki ya tufaha, kaoka mwenyewe. Nilikula vipande viwili, maana kukataa kungenishtaki. Akaninong'oneza, "Volkmar, si ungeniomba tu nikufundishe?" Natamani ardhi inimeze. Mwoga ni mimi, na jeni zangu zote zipo.

Jumapili, 10 Machi
Nimelia kidogo. Nimeapa kesho nitaungama kwa profesa, Frauke arudishiwe heshima yake. Lakini kwanza nifaulu jaribio langu la kesho. Ungamo la mshindi husikilizwa zaidi. Marashi nimeyaacha kabisa. Nimepita maabara kuchukua koti la profesa mwenyewe, panya wapate utulivu wa mtu mzima. Limenikaa vizuri. Lina manyoya mengi ya paka wake, lakini nani atayaona?