Mkanda wa Saa ya Baba

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Makindu.
Gichuru amepiga simu kutoka Nyeri. Anakuja Jumamosi, na anataka kuiona saa ya baba. Msiba! Baba alinifunga saa hii mkononi siku tulipohama Molo, miaka thelathini na mitatu iliyopita. Mkanda wake, alikuwa akituambia, aliukata mwenyewe kwa ngozi ya ndama wake. Gichuru ni kaka yangu mkubwa. Alikubali nibaki na saa kwa sharti moja: nikiharibu chochote, inakwenda kwake.
Mkanda niliuharibu mwezi jana. Niliuosha kwa sabuni na maji ya chumvi ya kisima, nikauanika juu ya mabati. Ukavunjika kama biskuti. Nimezika vipande nyuma ya choo.

Jumanne, 9 Septemba.
Kwa Kaloki, fundi wa viatu. Akanitolea mikanda mitatu. Mweusi unaong'aa: rangi tupu, itabanduka. Wa pili laini mno, hauna hata alama ya unyoya: plastiki. Wa tatu ngozi ya ndama, imelainishwa kwa maganda ya mti, haijatiwa rangi. Niliukunja, nikaunusa. Zizi letu la Molo, asubuhi, baada ya mvua. Nikamwambia Kaloki vumbi limeniingia machoni.
Kasoro moja. Mweupe kama chapati mbichi! Wa baba ulikuwa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Kaloki anasema utaiva wenyewe kwa miaka miwili: niuvae kila siku, nisiuloweshe, nisiuanike, niupake nta kidogo mara mojamoja. Nikamwambia nina siku nne. Akacheka mpaka akaangusha nyundo. "Mzee, hii ni ngozi, si mandazi. Kwani wewe ulizeeka kwa siku ngapi?"
Hana adabu. Lakini anajua kushona.

Jumatano, 10 Septemba.
Nimeuchemsha kwenye birika la majani ya chai. Umetoka na madoadoa, kama chui mgonjwa. Mke wangu Mbula alijimiminia kikombe kabla sijamzuia. Akauliza, "Baba Wamaitha, mbona chai inanuka ng'ombe?" Nimelaumu maziwa. Akanikumbusha kwamba ni strungi.

Alhamisi, 11 Septemba.
Nta! Nzuki, kaka yake Mbula, ana mizinga ya nyuki huko Matinyani, na alituletea masega kwenye kopo. Kaloki alisema kidogo, lakini Kaloki hana kaka anayekuja Jumamosi. Nimepaka masega yenyewe, asali na yote, mara tano. Madoa yamekwisha. Rangi ya baba kabisa! Nimeshinda.

Jumamosi, 13 Septemba.
Gichuru amefika. Akaushika mkono wangu, akautazama mkanda, akasema baba angefurahi. Nikajisikia mwizi. Tukaketi nje kula. Alipokuwa akiombea chakula, maombi yake ni marefu, akaja nyuki mmoja. Kufikia amina walikuwa kundi. Ukame huu hauna ua hata moja kutoka hapa hadi Kitui, na mimi nimevaa asali!
Gichuru akaingia chini ya meza. Mimi nilificha mkono ndani ya koti, nyuki wakafuata humo humo. Mkono ukavimba kama kiazi kikuu. Ikabidi Mbula aukate mkanda kwa kisu cha nyama.
Gichuru akaokota vipande, akanusa. Chai, akasema. Nikaungama yote, hata choo. Nikaivua... hapana, ilikwisha vuliwa. Nikamkabidhi saa.
Hakuipokea. Aliketi akicheka, kisha akafuta macho. Mkanda wa baba uliliwa na mbwa mwaka wa sabini na tisa, akasema. Yeye ndiye aliyeacha mlango wazi. Akashonesha mwingine mjini, akauloweka kwenye strungi, na baba akauvaa hadi siku aliponifunga mimi, akijisifu aliukata mwenyewe. "Kaa na saa, Waithaka. Lakini mkanda mpya uuache uzeeke na wewe. Krismasi nitakuja kuuona."

Jumatatu, 15 Septemba.
Kaloki amenishonea mwingine. Mweupe vilevile. Ameniapisha nisiuguse. Gichuru amesema kweli, subira ni kitu kizuri. Nimesubiri tangu saa mbili asubuhi hadi saa nne.
Krismasi ni karibu mno. Nikatazama dari la jikoni: moshi umelitia rangi ile ile ya strungi, bila chai, bila asali, bila nyuki. Mbula ameenda sokoni. Nimeuning'iniza juu ya moto wa kuni. Dakika kumi tu, si zaidi. Ningezihesabu vizuri, ila saa iko huko juu pamoja na mkanda.