Kovu la Gololi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na moja ya ndoa. Mke wangu anakoroma kidogo sana, kama paka aliyeshiba. Naupenda hata mkoromo wake. Nimechoka, ila ni uchovu mtamu.

Leo nimefanya jambo la kiume. Lile kabati la nguo tulilozawadiwa na shangazi yake siku ya harusi, la milango miwili na kioo, nimelipeleka kwa mwenye duka la vitu vikuukuu. Yeye amenipa chupa kubwa yenye gololi mia mbili na kumi na mbili. Ameapa kwamba humo mna chache za kale, zilizotengenezwa kwa mkono, na moja tu ya hizo inanunua makabati matatu. Nikamuuliza ni zipi. Akasema angezijua asingenipa. Mtu mkweli.

Mke wangu aliporudi kutoka kazini akauliza nguo zake zinafanya nini juu ya kitanda. Nikasema kabati liko kwa seremala, bawaba zilikuwa zinalia. Akasema hajawahi kuzisikia. Akanitazama kwa yale macho yake. Nikayeyuka, lakini sikufungua mdomo. Jumamosi shangazi anakuja kututembelea. Kufikia hapo atakuta kabati lake na jingine pembeni.

Jumanne, 4 Machi

Kwa fundi saa, mwenye lenzi ya kubana jichoni. Kanifundisha. Gololi ya mkono ilikatwa kutoka kwenye ufito wa kioo cha moto, kwa hiyo ina kovu pale ilipokatwa, mara nyingi mawili, juu na chini. Ya mashine haina. Nikasema kazi imekwisha.

Haijaisha. Hadi saa saba mchana nilikuwa nimepata zenye makovu tisini na nne. Fundi saa akaangalia tano, akasema hayo ni mapengo, watoto wamezigonganisha kwenye saruji. Nikamuuliza kuhusu rangi. Rangi hazisemi kitu. Viputo? Navyo vimo hata kwenye za juzi. Uzee? Akasema gololi haioti mvi, bwana harusi, kaa chini uangalie.

Nimekaa. Jicho la kulia linatoa machozi lenyewe. Mke wangu amedhani ninamlilia kwa mapenzi. Sikumkatalia, maana si uongo kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Mwanyumba alipita. Huyu amemwoa dada wa mke wangu, miaka minne sasa, na hajasahau kunikumbusha kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Kwake kuna friji, kuna mapazia ya tabaka mbili. Akanikuta sakafuni nimetandaza gololi kwenye shuka letu jipya.

Akasimama mlangoni. Kisha akauliza kama nimeoa au nimerudi darasa la pili. Akasema, mwanyumba, wenzako wanajaza nyumba, wewe unajaza chupa. Mke wangu akacheka, halafu akaona aibu, halafu akaniletea chai. Namna alivyokishika kisahani cha kikombe! Nilimsamehe kabla sijanywa.

Mwanyumba alipoondoka nilihesabu upya. Zilikuwa mia mbili na kumi na moja. Nilimshuku saa mbili nzima. Nilikuwa nimeikalia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipata.

Ni hiyohiyo niliyoikalia. Ndani ina nyuzi za buluu na nyeupe zilizosokotana kama nywele za mke wangu siku ya harusi. Kovu juu, kovu chini. Fundi saa aliitazama bila kusema neno, na huyu ni mtu anayeongea hata na saa zilizokufa. Mwishowe akasema hii ni ya mkono. Kuna mama mmoja anayekusanya gololi, mtaa wa pili, nimpelekee kesho. Ikiwa kweli, kabati linarudi. Akaniambia nisiiguse, niiache kama ilivyo.

Nimewaza mchana kutwa. Kama ilivyo, ina mikwaruzo. Na bibi harusi hapelekwi kwa wageni na uso wenye vumbi. Mke wangu alisuguliwa siku tatu, akatoka kama mwezi. Nikachukua msasa laini na dawa ya meno. Mikwaruzo ikatoka. Kovu la juu likatoka nalo, nikasema si neno, la chini linatosha kwa ushahidi. Lakini sasa gololi ilionekana kama imeelemea upande. Nikalipunguza kidogo na la chini.

Inang'aa. Vidole vinauma.

Ijumaa, 7 Machi

Yule mama ana droo zilizotandikwa pamba. Akavaa glavu. Aliigeuza, akaigeuza tena, akavua miwani. Akauliza nani aliyeisugua. Nikasema fundi. Akasema huyo fundi afungiwe msasa wake kabatini. Neno hilo lilinichoma.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Huenda ilikuwa ya mkono. Hadi jana angeinunua kwa furaha. Leo ni laini kama maelfu ya wenzake, na hakuna wa kuthibitisha, hata yeye. Akanipa biskuti mbili za njiani.

Moja nilimletea mke wangu. Alifurahi. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi aliingia na sanduku, akaenda moja kwa moja chumbani. Akauliza kabati liko wapi. Nikaanza habari ya seremala na bawaba. Mke wangu akanishika mkono, kumbe anajua tangu Jumanne. Ameliona kwenye lile duka akipita kwenda kazini. Akasema kwa sauti ya uchovu, shangazi, kabati limo ndani ya chupa ile.

Shangazi aliinua chupa, akaitikisa. Akasema basi haondoki mpaka litoke. Akavua viatu. Atalala na mke wangu kitandani. Mimi nimepewa viti viwili vya sebuleni na shuka lile la gololi.

Jumapili, 9 Machi

Mgongo. Kupitia ukuta nawasikia wakoromaji wawili, na wangu siwezi kumtofautisha. Hilo ni pigo.

Lakini mwenye duka amenionyesha mfuko wa vifungo vya kale. Vifungo havina kovu, vina matundu, na matundu hata mtoto anayahesabu. Anataka kitu cha ngozi. Sanduku la shangazi ni ngozi tupu, na mwenyewe amesema hana safari ya karibuni.