Makarani wa Murunga Hawapandi Paa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku njema sana. Mzee Gikonyo, mwenye ploti kule Kongo, Kawangware, anataka nyumba yake ya ghorofa iezekwe kabla ya mvua. Paa na plasta. Kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kunusa! Mimi, Murunga wa Kianda, mwanakandarasi, nimezoea vyoo na vibanda. Mshindani ni mmoja tu: Ndeti, mwenye pikapu na kofia ya manjano ya mjengo ambayo haivui hata kanisani.

Mzee Gikonyo ametangaza kwamba hatampa kazi mtu asiye na bima ya wafanyakazi. Jirani yake alijengewa na mtu wa namna hiyo, fundi akaanguka, na mpaka leo jirani hatoki mahakamani. Hati iletwe Alhamisi. Ndeti akaigonga kofia yake, akasema yake imo ndani ya pikapu. Nami nikasema yangu imo kabatini, tena ni ya zamani hata inanuka vumbi.

Sina bima. Sina kabati vilevile. Lakini nilisema kwa sauti nzuri.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Jackie, wakala wa bima, ofisi yake iko juu ya duka la misumari. Akanieleza sheria polepole, kama anayelisha mtoto. Mfanyakazi akiumia kazini, mwajiri hulipa, awe na bima au asiwe nayo. Bima humpokea mwajiri mzigo huo. Nayo gharama yake hupimwa kwa mishahara na kwa hatari ya kazi. Anayepanda paa ni ghali. Anayeketi ofisini ni rahisi ajabu.

Akanitajia bei ya mafundi wa paa. Nikaomba maji ya kunywa. Akanitajia bei ya makarani. Nikamrudishia maji yake, kiu imekwisha.

Tangu leo, basi, Vincent, fundi wangu wa paa, ni karani. Isaac, fundi wa vigae, ni karani. Lavender, fundi wa rangi, ni karani mkuu, kwa kuwa ana mwandiko. Si uongo. Isaac hufanya kazi akiwa amepiga magoti, na kupiga magoti ni nusu ya kuketi.

Jackie akauliza ni kampuni gani hiyo ya ujenzi isiyo na fundi hata mmoja. Nikamjibu kwamba sisi ni watu wa mipango. Akasema sawa, kesho mkaguzi atakuja kuiona ofisi.

Ofisi?

Jumatano, 5 Machi

Ushindi mtupu! Mke wangu Nasipwondi ni mshonaji. Chumba chake hapa Kianda kina meza, viti na dirisha. Leo kilikuwa makao makuu. Nguo za wateja nilizifunika kwa shuka. Nasipwondi akauliza iko wapi sketi ya harusi ya mteja wake Filister. Nikamwambia iko chini ya idara ya fedha. Hakucheka.

Mashati na tai nilinunua Soko la Toi. Kompyuta niliazima: kioo na kibodi tu, bila mashine yenyewe. Lavender alilalamika. “Mzee, hii tai inaninyonga. Na hii kukaa pia ni kazi, utalipa?” Isaac akamwambia karani mkuu anyamaze, amimine chai.

Mkaguzi alikuwa Bi. Nyawira, mama mtulivu mwenye kalamu. Nilikuwa nimemwagiza Isaac aonekane akipiga chapa. Akainamisha sikio, akaanza kugonga herufi moja moja kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga vigae kusikiliza kipi kina uvungu. Alipofika mwisho akatangaza kwamba viwili vimelegea. Vincent naye aliona meza imeinama. Akatoa pimamaji ndani ya koti, akailaza mezani, akatazama kipovu kikitafuta katikati, kisha akachomeka karatasi chini ya mguu wa meza. Baada ya hapo akamwarifu Bi. Nyawira kwamba ukuta ulio nyuma yake ulipigwa plasta na mwizi.

Niliupiga mimi.

Bi. Nyawira akatabasamu, akaandika, akaondoka. Amepumbazika kabisa!

Alhamisi, 6 Machi

Hati ninayo! Muhuri wake ni mkubwa kama kisahani. Jackie akasema Bi. Nyawira ameongeza sentensi moja, tafadhali niisome. Nikamwambia nitaisoma nikipata nafasi. Mtu mwenye muhuri ana haraka.

Mzee Gikonyo aliutazama muhuri, akaridhika. Ndeti alitoa hati yake dirishani mwa pikapu, akaipunga, akaiacha mikononi mwa mzee kwa madaha. Mzee akasema zote mbili atasoma mkewe, Mama Wangoi, akirudi kutoka matangani Jumamosi. Lakini mvua haingoji matanga. Bei yangu iko chini, kwa hiyo kazi ni yangu. Ndeti akaivua kofia. Ana upara! Nimeuona mimi mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi tamu, mchana mchungu kidogo. Jukwaa lilikuwa limesimama, mabati yamepangwa, mawingu meusi upande wa Ngong. Nikaamuru watu wapande. Vincent akaomba kwanza aione nakala ya hati. Nikampa kwa fahari. Akaisoma kwa sauti. Ile sentensi ya Bi. Nyawira inasema bima hii ni ya kazi za ofisini tu, na atakayeumia kwenye mjengo hatalipwa.

Vincent akaiweka nyundo chini. Mkewe, Nasike, anakaribia kujifungua. Hakunifokea. Aliuliza tu, “Mzee, nikianguka nikiwa karani, Nasike atakula tai?”

Nikatazama mawingu, nikasema mvua inakuja.

Lavender akasema, “Zii, mzee. Makarani hawapandi paa.” Wakaketi juu ya mawe, wakakunja nne, wakaagiza chai. Isaac akauliza makarani hufunga kazi lini.

Nikapanda peke yangu. Mwenye kampuni haogopi! Bati la kwanza niliweka vizuri. La pili liliniweka mimi. Nilishukia kwenye lundo la mchanga, kifundo cha mguu kikalia kama kijiti kinachovunjika. Nikawaambia kwamba nimeshuka kukagua mchanga. Vincent akanibeba mgongoni mpaka kwa daktari, nikafungwa plasta. Heri angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia Jackie nidai fidia. Akasema mwenye kampuni si mfanyakazi wa kampuni, kwa hiyo bima ya wafanyakazi haimhusu. Na hata ningekuwa mfanyakazi, ningekuwa karani aliyeanguka kutoka paani. “Mzee, ulipewa ulichoomba.” Watoto wa siku hizi!

Kisha mimi na Ndeti tukaitwa Kongo. Mama Wangoi amerudi, miwani puani, hati zetu mkononi. Akauliza ni makarani wa aina gani wanaotaka kumwekea mabati. Mzee Gikonyo akasema basi kazi apewe Ndeti. Ndeti akaivaa kofia. Moyo wangu ukashuka hadi kwenye plasta ya mguu.

Mama Wangoi akasema ngojeni. Akaisoma hati ya Ndeti. Ni bima ya pikapu! Pikapu ikianguka kutoka paani, italipwa.

Nilicheka mpaka mguu ukauma. Bado nikicheka, akaingia Nasipwondi, nyuma yake Vincent, Isaac na Lavender, bila tai. Walikuwa kwa Jackie tangu asubuhi. Kampuni sasa iko kwa jina la mke wangu. Chama cha washonaji kimemkopesha, na mafundi wameandikishwa kama mafundi, kwa bei ile iliyonipa kiu. Bi. Nyawira hakuhitaji kuwakagua tena. Alisema aliwaona wakiwa kazini Jumatano.

Mama Wangoi alisoma kila mstari. Akamwambia mumewe aongeze malipo, maana bei ya chini ndiyo iliyompeleka jirani mahakamani. Akampa Nasipwondi mkono. Vincent akapanda juu akipiga mbinja.

Kwa hiyo mpango wangu umefaulu. Kazi tunayo, bima tunayo, malipo yamepanda. Nani aliyeanzisha yote haya? Mimi!

Jumapili, 9 Machi

Mvua haijanyesha. Nusu ya paa imekwisha. Nasike amejifungua msichana, na Vincent amesema hatamwita kwa jina langu.

Nasipwondi amenieleza kwamba sasa mimi ni mfanyakazi wake, kwa hiyo sheria inamtaka aniwekee bima. Akauliza aniandikishe kwa kazi gani. Akasema nikipanda hata ngazi, ni fundi wa paa, na atalipa ya fundi wa paa.

Nikaikumbuka bei ile. Nikaomba maji.

Nikamwambia aandike karani. Nitaketi chini, kivulini, nihesabu misumari. Akaandika.

Kesho asubuhi anakwenda Toi kununua vifungo. Vincent analiweka lile bati la pembeni vibaya, nalihisi mpaka hapa kitandani Kianda. Nitapanda mara moja tu, nimwonyeshe. Mguu mmoja mzima unatosha.

Tai ninayo.