Refa na Kitenge cha Mama Mkwe

Ndugu zangu, leo sijui uso niuweke wapi.

Kanisa letu la hapa Louisville tulikuwa na pikiniki na wageni kutoka kanisa la Columbus. Baada ya kula, vijana wakasema tucheze besiboli, wazee kwa watoto. Akatakiwa refa. Nikanyoosha mkono. (Nani alinituma? Mchezo wenyewe naujua kwa video tu.)

Mwanzoni mambo yalikwenda. Halafu zamu ya kupiga ikamfikia mama mkwe wangu, mama yake mke wangu Furaha. Kitenge amekifunga juu ya suruali ya mazoezi, gongo amelishika kama mchi. Na mnajua mkwe ni mkwe. Hata salamu simpi bila kuinama.

Ukizungusha gongo ukaukosa mpira, ni straiki. Straiki tatu, unatoka. Mama alikuwa nazo mbili tayari. Mrushaji wa Columbus, kijana anaitwa Jonas, akarusha mpira ukaenda moja kwa moja usoni kwa mama. Mama akajikinga kwa gongo, mpira ukapita bila kuligusa.

"Straiki ya tatu hiyo," wageni wakasema.

"Hapana," nikawajibu. "Hakupiga, alijikinga. Refa anaangalia nia."

Mzee mmoja wa kwao akanong'ona, ila kwa sauti ya kusikika: "Aa, si ni mkwe wake."

Neno hilo likanichoma. Nikaapa moyoni kwamba mpira unaofuata sijui mkwe wala shangazi.

Jonas akarusha tena. Safari hii ulimponyoka kabisa, ukadunda chini, mbali na mama. Mtu mwingine angeuacha. Mama aliufuata, akashusha gongo kutoka juu kama anaua nyoka. Akapiga vumbi. Mpira ukampita, ukampita na mdakaji aliyechuchumaa nyuma yake, ukabingirika hadi kwenye majiko ya nyama.

Hapo hakuna cha kujikinga. Nyoka mwenyewe alikuwa anakwenda zake. Nikapaza sauti: "Straiki ya tatu. Mama, umetoka."

(Ningenyamaza hapo, sasa hivi ningekuwa na amani.)

Watu wetu wakaanza kelele: "Mama, kimbia!" Mama akatupa gongo, akakimbilia kituo cha kwanza, kule mpigaji anakokimbilia akishaupiga mpira. Mimi nikaona refa amedharauliwa mbele ya wageni. Nikamfuata mbio.

"Mama, simama. Umeshatoka."

Hasimami. Nikanyoosha mkono nimguse bega. Nikashika kitenge.

Kikafunguka chote. Mama akaendelea na suruali yake hadi kituoni. Mimi nikabaki katikati ya uwanja, kitenge cha mkwe mkononi, makanisa mawili yananitazama.

Jonas akanijia polepole. "Baba Esther, pole. Straiki ya tatu mdakaji asipoudaka mpira, na kituo cha kwanza hakina mtu, mpigaji anaruhusiwa kukimbia."

Nikampelekea mama kitenge kwa mikono miwili, goti chini. Akakipokea huku anahema.

"Inuka, mwanangu. Nimefika?"

"Umefika, mama."

"Basi rudi ukachezeshe. Na leo hakuna atakayesema unanipendelea."

Sasa tunarudi nyumbani, mtaa wa Okolona. Furaha anaendesha, na kila taa nyekundu anaanza kucheka upya. Nyinyi nihurumieni. Miongoni mwenu, asiye na mkwe na awe wa kwanza kunicheka.