Injinia Ridhiwani na Diski za Narung'ombe

Ridhiwani alipochungulia mlangoni kwa Mektilda, Mtaa wa Narung'ombe, hakuona kompyuta ishirini. Aliona diski ishirini zilizovaa kompyuta. Watu wazima wenye maduka yao walikuwa wamejazana humo wakicheza mpira kwenye skrini na kumtukana refa asiyekuwepo. Kila mchezo, Ridhiwani alijua, umelala ndani ya diski, na diski inauzika sokoni Gerezani kabla jasho la mwizi halijakauka.

Kesho yake alirudi na shati jeupe, kalamu tatu mfukoni na boksi jeusi. Boksi hilo lilikuwa stebilaiza ya friji, marehemu. Alikuwa ameipaka rangi, akaitia feni ndogo na taa za Krismasi. Ilinguruma kama mgombea aliyenyimwa kipaza sauti.

"Shikamoo mama. Injinia Ridhiwani."

"Marahaba. Injinia wa nini?" Mektilda alikuwa anapanga soda kwenye friji. Hakugeuka.

"Wa seva, mama. Siku hizi michezo haikai ndani ya kompyuta. Inakaa sehemu moja, humu." Akalipiga boksi kofi la upendo. "Kompyuta zako zinavuta tu kwa waya, kama mabomba yanavyovuta maji kwenye tenki. Diski za nini tena? Zinakula umeme bure."

Uongo huu aliutunga mwenyewe, bafuni, na aliupenda kama mtoto wake wa kwanza. Kompyuta bila diski haichezi. Hilo alikuwa na hakika nalo kuliko jina la baba yake.

"Na diski zangu?"

"Nazipeleka karakana, nahamishia michezo kwenye seva, jioni nazirudisha uuze mwenyewe."

"Fundi akitoka na kitu changu, anaacha kitu chake," alisema Mektilda. "Pikipiki ile nyekundu ni yako?"

Ridhiwani aliguna kidogo, maana adabu ya kazi inataka mtu agune. Pikipiki ile ndicho kitu pekee maishani alichokinunua kwa jasho la halali. Akautoa ufunguo polepole kama anayeng'olewa jino. Ufunguo wa pili ulikuwa soksini.

"Sasa tuelewane mbele ya watu. Uwesu, sikiliza. Huyu fundi amepokea diski zangu zote. Zisiporudi, pikipiki haiondoki. Si ndiyo, fundi?"

"Ndiyo, mama. Nimepokea."

"Nimesikia," alisema Uwesu, muuza mashuka, macho kwenye skrini. "Fanyeni haraka, nina penalti."

Ridhiwani akafungua kompyuta ya kwanza. Akaingiza mkono. Hamna kitu. Ya pili, vumbi. Ya tatu, mende mmoja, naye alionekana mpweke. Akapiga magoti chini ya meza ya Uwesu na kufungua kifuniko. Mahali pa diski palikuwa patupu, na juu yake Uwesu akafunga penalti, chumba kizima kikalipuka kwa kelele.

Ridhiwani akatazama skrini. Akatazama tumbo la kompyuta. Mpira unachezwa. Diski hamna.

"Mama," sauti ilimtoka nyembamba, "hizi zinachezaje?"

"Si umenieleza sasa hivi? Mabomba na tenki." Mektilda akafungua kabati nyuma ya friji. Ndani ilikaa seva, ya kweli, kimya, na taa moja tu ya kijani. "Mwaka jana uliingia kwa mdogo wangu Candida, Ilala, ukambebea diski kumi na mbili kwa maneno hayahaya. Nikaita fundi anayejua. Akasema mwizi ni mwizi, lakini alichokisema kipo. Basi nikafunga seva. Na umeme kweli umepungua, asante."

Ridhiwani hakuwahi maishani kusema ukweli mrefu namna ile, tena bila kukusudia. Akachomoka mbio hadi nje, akachomoa ufunguo wa soksini, akarukia pikipiki. Gurudumu lilikuwa limefungwa mnyororo kwenye nondo za dirisha.

"Candida alinieleza na habari ya soksi," Mektilda alisema kutoka mlangoni.

"Mama, diski ishirini nitazitoa wapi? Hazipo!"

"Umezipokea mbele ya shahidi. Ila mimi ni mzazi, sina roho mbaya. Lete kumi na mbili. Za Candida."

Jioni ilimkuta Gerezani, mbele ya meza ya Adamu, yule aliyenunua kwake diski za Ilala. Adamu alivuta kasha kutoka chini ya meza, akapuliza vumbi, akataja bei. Ridhiwani akashika kichwa.

"Adamu, kaka, hiyo ni mara tatu ya uliyonilipa!"

"Si uliniapia kwamba zitaadimika, nizifiche, bei itapanda? Nikakuamini. Sijauza hata moja." Adamu akatabasamu. "Na kweli, imepanda."

Ridhiwani alitoa noti zote alizokuwa nazo. Hazikutosha. Akavua saa. Bado. Akavua viatu, na ufunguo aliokuwa ameurudisha soksini ukadondoka sakafuni.

"Na huo wa nini?" aliuliza Adamu.

"Huo hauna kazi," alisema Ridhiwani.

Na hilo nalo lilikuwa kweli.