Ndoo ya Mbegu Njema

Jumatatu, 4 Machi

Harufu ya leo asubuhi! Nimefungua mlango wa karakana, machozi yakanitoka kabla sijavua koti. Mayai viza. Trei nzima ya mayai viza. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: inatoka kwangu. Ni lile tangi lililo chini ya mashine yangu ya kukerezea vyuma, lenye maji ya kupoza chuma kinapokatwa. Maji yenyewe ni meupe, ndiyo maana karakanani sote tunayaita maziwa. Ya kwangu si meupe tena. Yana rangi ya maji yaliyotumika kudekia ngazi.

Bosi kaingia na leso puani. Ni mama mpole, hapandishi sauti, na hasemi neno mara mbili. Kasema wiki ijayo inakuja mashine mpya, nafasi hakuna, kwa hiyo moja kati ya mashine mbili za zamani itakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Yangu au ya shemeji. Atapita Jumatatu asubuhi, baada ya mapumziko, wakati harufu inapokuwa kali kabisa. Itakayonuka ndiyo itakayopanda lori.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Tangi lake halinuki. Wala hajanicheka. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu akikucheka, unajua la kumjibu.

Mashine hii ndiyo aliyoifanyia kazi baba mkwe tangu ujana. Alitufundisha sote wawili juu yake, mimi na mwanawe, na alipostaafu akaniachia mimi. Mimi, mkwe! Mwanawe akapewa ile ya pembeni. Mpini wa gurudumu umelika pale kidole gumba cha mzee kilipozoea kukaa, na sasa changu kinakaa palepale. Mzee anaishi kwetu siku hizi. Masikio yamekuwa mazito, lakini kila jioni lazima aulize mashine inaendeleaje. Leo nimemwambia inaendelea vizuri. Chakula hakikupanda.

Jumanne, 5 Machi

Mpango! Harufu hufukuzwa na harufu. Nimechukua marashi ya mke wangu, yale aliyoyatunza tangu harusi yetu, nikamimina chupa nzima tangini wenzangu walipokwenda kunywa chai. Kwa muda karakana ilinukia bibi harusi. Baadaye ikanukia bibi harusi aliyekalia mayai viza.

Shemeji kaja, kanusa. Kanieleza taratibu kwamba mle ndani mna vidudu hai, bakteria, na kwao marashi si kitu. Kasema ile oili inayovuja kwenye gia huelea juu ya maziwa na kuziba hewa, na vidudu vinavyonuka hupenda hasa pasipo na hewa. Niitoe oili. Nizoe chenga za chuma zilizolala chini. Nimwage kila kitu, nisugue tangi lote, ndipo nitie maziwa mapya. Na tafadhali, shemeji, niache kumwagia humo mabaki ya chai na maganda ya machungwa.

Ala! Kumbe ananichunguza. Na chai ni nini? Maji na majani tu. Nimemshukuru kwa sauti ya mtu asiyeshukuru.

Ila neno moja limenikaa kichwani. Hai. Miaka yote hii nasimama juu ya lile tangi nikidhani niko peke yangu.

Jumatano, 6 Machi

Kitu hai hufa kwa sabuni. Mbona rahisi! Nimemwaga pakiti nzima ya sabuni ya kufulia, nikawasha pampu.

Povu! Mama yangu wee! Limefurika tangini, likapita chini ya meza, likatoka mlangoni kumlaki Bosi aliyekuwa anakuja na viatu vya wazi. Aliinua mguu mmoja, akautazama, akaurudisha chini. Nikatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Nyumbani mke kaniuliza marashi yako wapi. Nimesema yalikuwa ya zamani, huenda yamekauka. Akauliza kama na chupa nayo imekauka.

Mzee naye akauliza habari za mashine. Nimemjibu leo imeoga. Akacheka mpaka akakohoa, akasema ndiyo, itunze, itunze. Nilitazama pembeni.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Nimepata, na nimepatia jikoni kwangu mwenyewe!

Mke alikuwa anagandisha maziwa. Maziwa halisi, ya ng'ombe. Kachota kijiko kimoja cha mgando wa jana, katia kwenye sufuria ya maziwa mapya, kafunika, kaivika kitambaa, kaweka kando. Nimemuuliza kwa nini. Kasema kile kijiko kina vidudu vizuri, vitazaana na kuvishinda vile vibaya, mradi sufuria isitikiswe na isipigwe baridi.

Vidudu vizuri! Basi shemeji anavyo! Anavyo tangini mwake na amenificha! Maneno yote yale ya oili na kusugua yalikuwa ya kunizuga. Ndiyo maana hakunicheka, alikuwa anaogopa atajisahau aropoke.

Nilibaki jikoni naitazama ile sufuria. Kijiko kimoja kinageuza sufuria nzima, bila kelele, wala hakuna anayekiona kikifanya kazi. Nimefikiri: baba mkwe naye alitutia kijiko chake, mimi na shemeji, siku moja, kwenye mashine moja. Kwa shemeji kiliganda. Kwangu mimi sina hakika. Huenda nilitikiswa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefanya.

Wenzangu walipokwenda kula, nimechukua ndoo yangu, ileile ninayochotea tangini mwangu kila siku. Nimeizamisha kwenye tangi la shemeji mpaka shingoni, nimeikoroga vizuri, nimejaza, nimekwenda kumimina kwangu. Mbegu hiyo! Kisha nikaona maziwa ya shemeji yamepungua, angeshtuka. Nikachota ndoo moja ya kwangu nikamrudishia. Haki ni haki. Vyake vizuri vitavimaliza vyangu vibaya, havitahisi hata uchovu.

Jioni nimemtazama shemeji akifunga kazi. Kalaza kitambaa juu ya maziwa, kakiinua kimelowa oili, kakikamulia kwenye kopo. Halafu kachomeka kipampu cha hewa, vile vya matangi ya samaki, kikaanza kutoa mapovu. Nimemuuliza kama anafuga kambale. Kasema hapana shemeji, maziwa yakilala siku mbili bila hewa ndiyo yanaoza, anacho kingine, nikikitaka ataniazima. Nimekataa. Anadhani mimi mtoto.

Tangi langu nimelifunika na gunia, lisipigwe baridi.

Jumapili, 10 Machi

Nimeshindwa kuvumilia. Nimepita karakanani mchana, mlinzi akanifungulia. Akasema mwenzangu naye alishinda humo jana kutwa. Bila shaka shemeji alikuja kulinda siri yake.

Nikafunua gunia.

Meupe! Meupe pepe! Nimeinama nikanusa, nikanusa tena. Hakuna mayai, hakuna sabuni, hakuna bibi harusi. Nimepapasa chini ya tangi, chuma kitupu. Vidudu vyema mpaka chenga vimekula! Nimekaa sakafuni nikalia kidogo. Nimeshika ule mpini, nikasema, mzee, tumepona.

Kabla ya kutoka nikasikia kile kipampu cha shemeji kikigugumia. Maskini, hajui kwamba mbegu haitaki kutikiswa. Mke wangu hata mlango wa jikoni anaufunga polepole. Kwa wema tu nimekichomoa, nikalifunika tangi lake vizuri na gunia zito. Yeye kanipa bila kujua, na mimi nimempa bila yeye kujua. Ndugu ni hivyo.

Jioni shemeji kaja kumsalimia mzee. Vidole vimekatwakatwa, viwili vimefungwa vitambaa. Nimemwambia apumzike siku za mapumziko, mwili si chuma. Kanitazama, kasema kweli shemeji.

Jumatatu, 11 Machi

Bosi kapita mapema. Kwangu kainama, kanusa, kainua nyusi, katikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa shemeji kafunua gunia.

Leso. Kisha leso na mkono juu ya leso.

Sote tulipigwa na butwaa. Shemeji zaidi. Kashika ule waya wa kipampu uliochomolewa, kautazama tu. Bosi akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba mashine hiyo itapanda lori Alhamisi.

Nimeshinda. Nilifurahi mpaka saa ya chakula. Baada ya hapo nilimwona shemeji akiifuta mashine yake polepole, kila pembe, hata zile zisizofikiwa na macho ya mtu. Furaha ikanikauka mdomoni.

Jioni mke hakuweza tena kunyamaza. Amesema kaka yake alishinda Jumamosi kutwa kaingiza kichwa katika tangi langu. Kamwaga maziwa yote. Kazoa chenga kwa mikono, ndipo zikamkata, na majani ya chai, na maganda ya machungwa. Kasugua kwa brashi ya mke wangu yenye mpini mrefu, kasuuza, katia maziwa mapya, kanirudishia gunia langu juu ili nisijue. Alimwapisha dada yake asiseme. Alimwambia, "Baba huiulizia mashine ile kila jioni. Siku moja mume wako atamjibu nini?"

Nimeona aibu. Sina neno jingine la kupamba, ni aibu tu, imenijaa mpaka shingoni. Mzee akauliza mashine inaendeleaje. Nikainamia sahani yangu. Kaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, akidhani nimechoka na kazi.

Jumanne, 12 Machi

Nimepiga moyo konde, nimekwenda ofisini kwa Bosi kabla ya yeyote kufika. Nimesema yote. Ndoo yangu chafu, maziwa yangu yaliyooza kwenye tangi la shemeji, kipampu nilichochomoa, gunia. Nimesema kama kuna mashine ya kupanda lori, basi ipande yangu.

Bosi kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kafuta macho na ileile leso. Kasema haamini hata neno moja. Hakuna mtu mzima mwenye akili timamu anayeweza kufanya mambo kama hayo, ni wazi najisingizia ili nimwokoe kaka wa mke wangu, na yeye tangu azaliwe hajaona moyo kama huo. Nimeapa! Nimemwomba aje nimwonyeshe ndoo! Kadri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kulia.

Uamuzi: mashine zote mbili zinabaki. Makabati ya zamani yatatolewa, mpya itakaa hapo. Na shemeji, aliyelisafisha tangi langu (hilo alilisikia kwa mlinzi), anakuwa msimamizi wa matangi yote.

Nikamfuata shemeji, nikamweleza yaleyale, neno kwa neno. Yeye aliniamini papo hapo. Hata hakuuliza swali. Alitazama ndoo, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye mashine, machozi yakimtoka, akisema gunia, shemeji, na gunia pia! Hatimaye kanicheka. Na sikuwa na la kumjibu.

Jioni nimemwambia mzee mashine zote mbili ni nzima. Akasema alijua tu, vijana wake wanashirikiana.

Ijumaa, 15 Machi

Mashine mpya imefika. Nzuri, ina taa. Shemeji kalisugua tangi lake na sasa halinuki. Katukusanya, katupa masharti: oili itolewe kila jioni, hewa iingizwe siku za mapumziko, maziwa mapya yapimwe vizuri, kitu chochote cha kinywani kisitiwe tangini. Nimekubali yote. Chai yangu nimekwenda kuimwaga nje. Karibu yote.

Nimetafakari sana wiki hii. Juu ya shemeji, na kazi aliyonifanyia bila kutaka nijue. Nampenda yule mtu, na nimemwambia mke wangu hivyo. Fadhila kama ile lazima ilipwe.

Na hapo ndipo nimefikiri. Ni kweli alisugua. Sikatai. Lakini nani alitia mbegu Ijumaa? Mke anasema kaka yake alimwaga maziwa yote. Yote? Hapakubaki tone pembeni? Kwenye sufuria kijiko kimoja kinatosha! Haiwezekani tangi liwe jeupe kiasi kile kwa brashi peke yake. Na lake yeye liliharibika kwa nini? Nilichelewa kulifunika, basi. Lingefunikwa tangu Ijumaa, tungekuwa tunazungumza mengine.

Sasa ile mashine mpya, maskini, tangi lake limesuguliwa, tupu, halina hata mdudu mmoja mwema wa kuanzia. Nani ataifikiria? Kesho mlinzi atanifungulia. Ndoo moja ya kwangu kwa mashine mpya, ndoo moja kwa shemeji, magunia juu, na vile vipampu nitavipumzisha. Jumatatu atakuta mwenyewe. Nimemdokezea mzee kwamba kuna jambo zuri linakuja karakanani, kafurahi kweli.

Ndoo nimekuja nayo nyumbani, na mke alikuwa ameibeba kwenda kuisugua. Nimewahi kumpokonya mlangoni. Akiiosha, mbegu zitakufa.