Ombi la Kusogezewa Ukuta wa Jiko la Esteri

Studio Tabasamu,
Nyuma ya Soko,
Kasulu.
9 Oktoba 1975

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Kalenda.

YAH: JIKO KUWA DOGO KULIKO MANENO YALIYOANDIKWA CHINI YAKE

Barua yenu ya tarehe pili ilinikuta na afya njema. Baada ya kuisoma nimebaki na afya kiasi.

Mnasema picha zangu za Mama wa Kalenda zimekataliwa kwa mara ya tatu kwa kuwa "zinalifanya jiko lionekane dogo". Ndugu Mwenyekiti, naungama. Nilipiga kilichokuwepo. Kamera yangu niliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na nadhani hakuwahi kuifundisha kusema uongo.

Nakumbuka vizuri agizo lenu. Ukurasa wa Machi 1976 uwe na mama wa kijiji kipya, amesimama wima jikoni kwake, anatabasamu, na nyuma yake kionekane kichanja cha vyombo, jiko lililoinuliwa na dirisha. Chini yake maneno yamekwishachapwa: MAISHA BORA, NAFASI YA KUTOSHA. Kwa hiyo kilichobaki ni kuitafuta hiyo nafasi, na kazi hiyo mkanipa mimi, mtu mwenye tumbo ambalo mke wangu Immakulata huliita shamba la kijiji, kwa kuwa kila mtu ana la kusema juu yake.

Mama aliyechaguliwa ni Esteri, wa nyumba namba 47, kijiji cha Rusenga. Mlichagua vema. Ni mrefu, ana meno mazuri, na jiko lake ni safi kuliko studio yangu. Alikubali kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba namba ya nyumba ionekane. Nitalirudia sharti hilo, maana ndilo linaloniuma. Kwanza malalamiko yangu.

1. Jiko lenyewe. Nimelipima kwa hatua, na hatua hazikufika tatu. Nikiingia mimi, kamera na stendi yake ya miguu mitatu, Esteri inabidi atoke. Akiingia Esteri, natoka mimi. Siku ya kwanza tulipishana hivyo mlangoni asubuhi nzima kama watu wanaocheza ngoma. Nilipofaulu kujibana kwenye kona, nikiwa nimekalia kinu, nilipata picha kali ya sikio lake la kushoto na nusu ya sufuria. Hiyo ndiyo picha mliyoiita "isiyo na ujumbe".

2. Salamu. Humo ndani ni giza, na balbu za flashi ziliniishia tangu harusi za Pasaka. Bila flashi, mtu asimame bila kutikisika mpaka nihesabu nne. Si kazi ngumu. Lakini habari kwamba kuna kamera kwa Esteri ilikwisha kwenda mbele yangu, na wazee wa Rusenga wakaona ni siku nzuri ya kupita kumjulia hali. Ninyi Ndugu Mwenyekiti mmeletwa huku na kazi, kwa hiyo nawaeleza kwa heshima: kwetu Buha mwanamke aliyelelewa hasimami wima mzee akimsalimu. Anapiga magoti, anapiga makofi polepole, anaitikia, na anaulizwa habari za watoto, za maharage, za ng'ombe, za wakwe na za ng'ombe wa wakwe. Mimi nahesabu moja, mbili, tatu, mlangoni mzee mmoja, Bazilio, anasalimu "Mwakeye", na Mama wa Kalenda anashuka chini. Mkanda mzima wa picha kumi na mbili nimeusafisha nikakuta ukungu kumi na mbili wenye kitenge.

Nilimsihi asiitikie, japo kwa hesabu ya nne tu. Akanitazama kama mtu aliyeombwa avue nguo.

"Nisimame kama nguzo mzee ananisalimu? Baba Winifrida, wewe jioni utarudi Kasulu na kamera yako. Mimi na mzee Bazilio tunakaa hapa."

Kama Kamati inalo jibu, naomba niletewe kwa barua.

3. Tundu. Hili nalieleza mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine. Safari ya tatu nilimwomba Esteri ruhusa ya kutoboa ukuta wa nyuma, ili kamera ikae nje na yeye abaki ndani. Akakubali. Mlango tukaung'oa, tukauegemeza kando ya Esteri ili ile 47 iliyoandikwa mlangoni kwa chokaa isomeke. Tundu lilianza na ukubwa wa kikombe. Likawa la sahani. Halafu nikaona nikipitisha kichwa na mabega nitapata pembe nzuri zaidi, nikapita, na nikabaki hapo. Nusu yangu ya mbele ilikuwa jikoni kwa Esteri. Nusu ya nyuma ilikuwa kwenye maharage ya jirani.

Hapo mzee Bazilio akapitia upande wa nyuma. Ni mtu wa adabu, akaisalimu ile nusu aliyoikuta. Nami sikuweza kumkosea adabu mzee, nikamwitikia kwa sauti. Esteri akadhani kuna mzee anayeingia, akapiga magoti katikati ya hesabu ya tatu. Hiyo ndiyo picha mliyoirudisha na maandishi mekundu: "Huyu mama anaomba nini?"

4. Sasa pendekezo lenu, ambalo ndilo lililonikalisha niandike. Mnasema jiko la Rusenga tuachane nalo. Esteri aletwe mjini, asimame kwenye sebule ya nyumba moja kubwa ya serikali yenye mapazia, na kichanja cha vyombo kisogezwe nyuma yake.

Nilimpelekea Esteri habari hiyo, nikidhani atafurahi kwa safari. Alichambua maharage mpaka akamaliza ungo. Ndipo akanieleza lile sharti lake.

Mume wake, Venanti, yuko Tanga kwenye mkonge tangu mwaka 1969. Alimwacha mlimani, kwenye mji wa baba yake, ndani ya migomba. Mwaka jana tulipohamishiwa vijijini, mji ule ulibaki migomba peke yake. Esteri amewaona wanaume waliorudi kutoka mkonge wakazunguka mlima hadi mlima wakiuliza wake zao wamepelekwa wapi. Mmoja alizunguka mpaka akachoka, akapanda basi akarudi Tanga. Hajaonekana tena. Esteri amesikia kwamba kalenda yenu itabandikwa kwenye ofisi zote, mpaka za mashamba ya mkonge. Basi akakubali kusimama mbele ya kamera yangu, ambayo kwa kweli anaichukia, ili Venanti siku moja akiwa kwenye foleni ainue macho amwone, na kando yake asome namba.

"Sasa akiniona kwenye nyumba ya mapazia," akasema, "atajua nimeolewa na bwana mkubwa. Hatauliza njia tena."

Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mpiga picha wa vitambulisho na ubatizo. Sijazoea picha zangu kubeba mzigo. Lakini hiyo ya mapazia siipigi, hata kama kazi hii mtampa yule mwenzangu wa Kibondo anayewakata watu vichwa.

Kwa kuwa sharti la Esteri haliwezi kubadilika, na maneno ya kalenda, kama mlivyoandika, hayawezi kubadilika, naona kinachoweza kubadilika ni ukuta. Naomba yafuatayo:

(a) Ukuta wa nyuma wa jiko la nyumba namba 47 usogezwe hatua nne.

(b) Kwa kuwa hatua nne zitaingia kwa jirani, namba 48 nayo isogezwe. Na kwa kuwa nyumba zetu zilipangwa kwa kamba na hairuhusiwi moja kutoka kwenye mstari, mstari wote usogezwe, na kijiji kiufuate. Nasi tunao uzoefu. Mara ya kwanza tulihamishwa kwa siku tatu na vyungu vikiwa motoni. Hatua nne tutazimaliza kabla ya chakula cha mchana.

(c) Kama hilo ni zito, litolewe tangazo kwamba Rusenga Jumanne, siku ya picha, hakuna kusalimiana. Atakayelisoma mbele ya mzee Bazilio atoke kwenye Kamati.

(d) Kama hilo pia ni zito, Kamati itafute mpiga picha mwembamba. Mke wangu ameahidi kuunga mkono.

Nasubiri majibu kabla ya tarehe 31, ambayo mmesema ndiyo mwisho.

Nisalimieni wajumbe wote, mpiga chapa wenu, Bibi Maendeleo aliyenifundisha kwamba jiko lililoinuliwa halikaliwi, na dereva aliyenivuta miguu kwenye lile tundu. Immakulata anawasalimu.

Ni mimi, katika kazi ya taifa na vumbi lake,

Kipriani Ruhuza
Mpiga Picha

N.B. 20 Oktoba. Basi la barua lilikwama kwenye matope siku kumi, na barua hii bado iko mkononi mwangu. Bora hivyo, maana ombi lenyewe naliondoa.

Venanti amefika Jumamosi. Kumbe ile picha ya magoti mliyoirudisha, ambayo nilimpa Esteri kwa kuwa kwangu ilikuwa takataka, yeye alimpa mtu aliyekuwa anarudi Tanga. Nilimuuliza Venanti aliwezaje kumtambua mkewe, maana ile 47 inasomeka vizuri, lakini uso wote ni ukungu.

"Uso sikuuona, mzee," akasema. "Nilimjua kwa anavyopiga magoti. Angekuwa amesimama ningedhani ni mke wa mtu."

Nikamwomba anisaidie kulalamika juu ya jiko. Akasimama katikati, akanyoosha mikono pande zote mbili, akaniambia kambini walikuwa wakilala wanaume kumi na wawili kwenye chumba cha namna hii. Hapa wako wawili. Haoni tatizo ni nini.

Basi yale maneno yenu, NAFASI YA KUTOSHA, yaacheni kama yalivyo. Nimefunga humu nakala mpya ya ile picha ya magoti, ichapeni. Nyingine sina, wala sitapata. Leo nilikwenda kuwapiga picha wawili pamoja nikazungukia nyuma kama kawaida yangu, na nikakuta tundu limezibwa. Udongo ulikuwa bado mbichi, una alama za viganja vya watu wawili.